Sina la Kuongeza

Ukiwauliza watu wa Gongoni habari za Mabruki bin Feruzi, watakwambia alikuwa mtu wa haki. Ni kweli, lakini wamekupa nusu. Swala tano hazikumpita, na mkono wake haukupokea cha mtu hata siku moja. Ila alikuwa na wivu, jamani, na wivu wenyewe haukuwa wa mke wala wa mali. Ulikuwa wa majalada! Nasema hivi kwa kuwa alinisimulia mwenyewe uzeeni, na hakuniomba nimfichie.

Kazi aliianza mwaka 1947, kijana wa miaka ishirini na mbili, mkalimani wa mahakama hapa Tabora. Babu yake alikuwa mpagazi wa Kwihara enzi za misafara, na nyumba za watu wa njia zile hazikosi lugha. Mabruki alikisema Kinyamwezi cha Unyanyembe na cha Sikonge, Kisukuma cha Nzega, Kiarabu cha dukani, na Kiingereza alichokiokota kwa mahakimu wa kikoloni. Uhuru ulipokuja na mahakama za machifu zikafutwa, wakubwa wakaona huyu si wa kuachwa akitafsiri tu. Wakampeleka chuo cha Mzumbe mwaka mzima. Akarudi na cheti na cheo: mshauri wa sheria na sera katika ofisi ya mashtaka.

Cheo kirefu, lakini kazi yake haina maneno mengi. Polisi wakimaliza upelelezi huleta jalada. Mabruki hulisoma, kisha huandika dokezo lake: huyu ashtakiwe, huyu aachwe, huyu ugomvi wake ni wa ukoo, wakapatanishwe kwao. Na siasa mpya ikiteremka kutoka Dar es Salaam, yeye ndiye wa kuwaambia mawakili itagongana wapi na sheria na wapi na watu. Miaka kumi halikutoka jalada pale bila mwandiko wake. Mkuu wa ofisi, Bwana Masele, alikuwa haandiki zaidi ya maneno matatu chini yake: "Nakubaliana na Mabruki." Maneno matatu yale, mzee wa watu alikuwa akienda nayo nyumbani anatabasamu njia nzima.

Basi mwaka 1974 akashuka kwenye treni kijana mmoja anaitwa Eustace. Mzaliwa wa Bukoba, msomi wa Mlimani, shahada mkononi, shati jeupe, na adabu tele. Hilo la adabu ndilo lililomuudhi Mabruki kupita yote. Angekuwa na kiburi, angemchukia kwa raha zake. Lakini kila asubuhi ni "Shikamoo mzee," na kiti anampisha, na mlango anamshikia. Utamchukiaje mtu wa namna hiyo? Unahitaji juhudi, na Mabruki aliifanya juhudi hiyo.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwezi wa pili tu, Bwana Masele akabadili njia ya majalada: yaanze kwa Eustace, halafu yaje kwa Mabruki. Eti kijana ana kasi. Madokezo ya Eustace yalikuwa nusu ukurasa, yamepigwa taipu, hoja moja, mbili, tatu, basi. Ya Mabruki yalikuwa kurasa nne kwa mkono, yakianzia kwa babu wa mshtakiwa. Jumatatu moja kwenye kikao Bwana Masele akalisoma dokezo la Eustace kwa sauti, watu wajifunze. Mabruki alikaa pale anatazama dirishani, masikio yanamwaka moto. Miaka kumi, yake hayakuwahi kusomwa.

Tangu hapo akawa anahesabu kila kitu. Zamda, mpiga taipu, alianza na kazi ya nani leo? Chai ilifika mlango gani kwanza? Hata yule kijana alipojifunza kuamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" yake imepinda kama mguu wa kitanda kibovu, na ofisi nzima ikacheka kwa mapenzi, Mabruki alijifungia chumbani kwake. Yeye alikuwa na Kinyamwezi cha kunyooka tangu tumboni mwa mama yake, na nani aliwahi kumchekea?

Mkewe Mwanne aliyaona yote. Mwanamke yule alikuwa na ulimi, na hakuuazima kwa mtu.

"Wivu wa wanawake unaitwa wivu," alimwambia siku moja akichambua mchele. "Wenu nyinyi mnauita heshima ya kazi."

"Mwanamke wewe hujui mambo ya ofisini."

"Sijui. Ila jina la Eustace nimelisikia humu ndani mara nyingi kuliko jina langu."

Sasa lisikilize jalada lenyewe. Lilikuja mwezi wa sita, mwaka 1975, kutoka kijiji kipya upande wa Sikonge. Mwaka mmoja nyuma watu walikuwa wamehamishwa kutoka maporini walikozoea, wakakusanywa pamoja penye barabara, shule na zahanati. Waliotoka bonde moja hawakupelekwa wote mahali pamoja. Huyu huku, yule kule, jirani yako mpya hamjuani hata kwa ukoo. Miongoni mwao alikuwa mrina asali mmoja, Lugembe. Yeye na mkewe walihama na vyombo vyao, lakini mizinga haihami. Mizinga kumi na mmoja ilibaki juu ya miti ya miombo, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli.

Msimu wa asali ulipofika, Lugembe akarudi porini, akarina, akaja na madebe yake kijijini hadharani, bila kuficha. Halmashauri ya kijiji ikamkamata. Mizinga ile, walisema, ilikuwa ya marehemu Ng'washi, aliyekufa bila mtoto. Mali isiyo na mwenyewe imeandikwa kuwa ya kijiji. Aliyeirina ameiba mali ya umma. Na mali ya umma siku zile haikuwa mchezo. Sheria ilikuwa imepanga kifungo kisichopungua miaka mitatu, hakimu hana pa kupunguzia.

Lugembe alijitetea kwa polisi kwa sentensi moja: "Ng'washi ni mjomba wangu, aliniachia." Wakamwambia alete shahidi. Shahidi atamtoa wapi? Waliomjua mjomba wake walikuwa wametawanyika vijiji vinne, wengine hadi Urambo kwenye tumbaku. Polisi kwa kutaka uhakika wakachora alama iliyochongwa kwenye mizinga: mwezi mwandamo, mikato mitatu ndani yake, na mkato mmoja mdogo nje, pembeni. Mashahidi wote wa kijiji wakasema ndiyo, mwezi na mikato mitatu, hiyo ni alama ya Ng'washi. Ule mkato mdogo hakuna aliyeutia maanani.

Eustace aliandika nusu ukurasa wake. Ushahidi unatosha kumshtaki, alisema. Lakini mwishoni akaongeza kwa mkono, si kwa taipu: "Sina hakika na alama hii. Mzee Mabruki, wewe ni mwenyeji. Tafadhali nishauri kabla halijaenda mahakamani."

Mabruki alilifungua jalada, akaiona ile picha, akaijua palepale. Mama yake alikuwa mtu wa Sikonge. Wajomba zake walikuwa warina asali, na utotoni walimchukua porini misimu mitatu. Walimfundisha kwamba mwenye mzinga akifa, alama yake haifutwi. Mrithi anaiacha kama ilivyo, kisha anakata mkato wake mdogo nje ya mwezi, pembeni, ili anayepita chini ya mti ajue kwamba marehemu hakufa bila mtu. Mkato wa mpwa, waliuita. Mkato ule ndio hati ya Lugembe. Ulikuwa umechorwa pale na polisi wenyewe, na katika ofisi nzima ya wasomi ni yeye peke yake aliyeweza kuusoma.

Dokezo la mstari mmoja lingemrudisha Lugembe kwake wiki ileile. Mabruki akachukua kalamu.

Na hapo, bwana we, shetani akavuta kiti. Kwa nini nimwokoe? alijiuliza. Nikiandika, Eustace ataliweka katika hoja yake ya nne, litapigwa taipu, na Bwana Masele atalisoma Jumatatu kwa jina la Eustace. Liache liende. Mahakamani yule mrina asali atasimama aieleze alama yake mwenyewe, kesi itaanguka mbele za watu, na hapo ndipo watajua nani msomi na nani mwenyeji. Lugembe hatadhurika. Atakaa mahabusu wiki mbili tatu, atoke. Ndivyo alivyojituliza.

Akaandika: "Nimesoma. Sina la kuongeza." Akatia sahihi na tarehe.

Wiki mbili tatu zikawa miezi mitatu. Hakimu aliugua, kisha mashahidi walikosa usafiri, kisha jalada likapelekwa, likarudishwa. Lugembe yumo mahabusu. Kila Ijumaa Mabruki aliswali na kila Jumatatu alikaa kikaoni, na hakusema. Siku moja Eustace alimsimamisha ukumbini.

"Mzee, ile kesi ya mizinga bado inanikereketa. Una hakika hakuna kitu pale?"

"Niliandika nilichoandika, kijana."

"Haya mzee. Neno lako linanitosha."

Hebu fikiria! Kumwamini mtu kiasi hicho ni kumchoma. Mabruki alisema aliingia chumbani mwake akiwa amemkasirikia Eustace kwa ule uaminifu.

Mwezi wa tisa kesi ikaitwa. Mabruki alivaa koti lake la sikukuu akaenda kukaa benchi la nyuma. Tuambiane kweli: alikwenda kutazama kuanguka kwa mwenzake. Eustace mwenyewe ndiye aliyesimama upande wa mashtaka. Lugembe akaletwa, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Karani akamsomea shitaka: kwamba aliiba asali kutoka mizinga kumi na mmoja, mali ya kijiji. Ni kweli au si kweli?

Lugembe alikuwa amefundishwa na wenzake wa mahabusu kwamba ubishi huongeza miezi. Tena alikuwa mkweli, na wakweli mahakamani ni watu wa hatari kwa nafsi zao.

"Ni kweli nilirina," alisema.

"Mizinga ilikuwa kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja."

"Yenye alama ya marehemu Ng'washi?"

"Ndiyo. Alama ya mjomba wangu."

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri. Hakuna shahidi aliyeitwa. Hakuna aliyeuliza habari ya mkato, na Lugembe naye hakuitaja, kwa maana kwao hilo halisemwi. Mtu mzima anaangalia mti anajua. Miaka mitatu. Kesi nzima haikuchukua muda wa kuchemsha maharage. Pale benchi la nyuma Mabruki alifungua mdomo, akaufunga. Lugembe alitolewa akiwa bado anamtazama karani, anangoja aulizwe lile swali lililobaki.

Mchana ule Mabruki alikaa mbele ya sahani asiinue mkono. Mwanne akamkazia macho.

"Nani amekufa?"

Akamweleza. Yote, tangu picha ya mwezi mpaka miaka mitatu. Mwanne hakupiga kelele, na hilo lilimtisha kuliko kelele.

"Umemfunga mtu," alisema. "Si yule kijana, wala si hakimu. Wewe. Umemfunga mtoto wa watu kwa sababu ya chai kuanza mlango mwingine." Akaiondoa sahani. "Kamfungue."

Asubuhi yake alipofika ofisini, unadhani alikwenda moja kwa moja kwa Eustace? Thubutu! Kwanza aliandika dokezo kwa Bwana Masele: "Ndugu Eustace, kwa kutojua mila za hapa, amesababisha..." Aliandika mistari mitano, akaisoma, akaiona tamu. Kisha akakumbuka kwamba ndani ya jalada lilelile kuna mstari wake, na tarehe, na sahihi. Akalichana. Ndipo akaenda.

"Kijana, ule mkato wa pembeni. Ni wa mpwa. Mizinga ni ya Lugembe." Kisha akasema uongo: "Nimekumbuka jana."

Eustace aliruka kitini. Hakuuliza imekuwaje. Alimshika mikono miwili. "Mzee, Mungu akubariki!" Siku hiyohiyo alipeleka neno kwa jamaa wa Lugembe kwamba ikatwe rufaa, akaandika kwamba Jamhuri haiungi mkono hukumu, kwa kuwa maneno ya mshtakiwa hayakuwa kukiri wizi. Alipanda gari la polisi hadi Urambo kuwatafuta wazee wanaoijua alama. Kwenye kikao cha Jumatatu akasimama mbele ya wote. Kosa ni langu, alisema, nilikwenda kwa haraka, na kama si Mzee Mabruki mtu asiye na hatia angeozea gerezani. Bwana Masele akapiga makofi na ofisi nzima ikapiga makofi.

Ndiyo siku aliyoingoja mwaka mzima. Na aliipokea kama mtu aliyelishwa pilau akiwa na homa. Jalada lilikuwa mezani, wazi kwa mtu yeyote, na ule mstari wake ndani. Eustace aliusoma upya, bila shaka aliusoma, maana ndiye aliyeiandaa rufaa. Hakuutaja kwa mtu.

Mwezi wa kumi Lugembe akatolewa. Na kabla mwezi haujaisha, Zamda akagonga mlango wa Mabruki. "Mzee, una mgeni kutoka Sikonge."

Lugembe aliingia na kibuyu cha asali, kikubwa, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Akakiweka sakafuni, akapiga goti kidogo kama walivyo watu wa kule.

"Shikamoo baba. Nimeambiwa ndiwe uliyeisoma alama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kaa. Kesi imekwisha, hiyo si rushwa, nitaipokea." Na akacheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Hatimaye mtu amekuja kwake, si kwa mwingine! Akamuuliza habari za nyumbani, kwa Kinyamwezi cha mama yake. Lugembe akakifurahia, akajibu bila haraka. Mke yu mzima. Mtoto alimwacha tumboni, amemkuta anacheka. Mizinga saba nyuki wamehama. Watu wa kijiji waliirina kwa moto bila kuijua, wakaikausha. Hiki kibuyu ni cha minne iliyobaki.

"Pole sana."

"Nimeshapoa, baba." Lugembe akamtazama, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kumsimulia mkewe vizuri akifika. "Nilitaka kujua tu. Uliijua lini ile alama?"

"Nilikumbuka tu, siku moja baada ya hukumu."

Lugembe akatabasamu kidogo, akatikisa kichwa. "Baba, unasema kama mtu wa porini. Umefundishwa na nani?"

"Wajomba zangu."

"Basi mkato wa mpwa hausahauliki. Aliyeonyeshwa akiwa mdogo, akiuona anaujua palepale. Mimi ningeujua hata usingizini."

Mabruki alimtazama mtu yule. Angeweza kusema uzee. Angeweza kusema majalada ni mengi. Lakini maneno yale yalikuwa ya Kinyamwezi, ya nyumbani kwa mama yake, na katika lugha ile, aliniambia, hakuweza kudanganya mara ya pili.

"Niliujua siku jalada lilipofika."

"Mwezi wa tisa?"

"Wa sita."

Lugembe akahesabu. Vidole vyake vilitembea juu ya goti: wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi. Hakutukana. Hakuuliza kwa nini. Alisimama, akajipangusa magoti, akainama akakichukua kibuyu.

"Na yule kijana aliyekwenda Urambo kuwatafuta wazee wetu," alisema, "anakaa mlango upi?"

Mabruki akanyoosha kidole. "Wa pili. Kulia."

"Ahsante, baba."

Aliusikia mlango wa pili ukifunguliwa. Alisikia kiti kikivutwa, salamu zikienda na kurudi, kisha Eustace akimwita Zamda alete vikombe waonje wote. Vicheko vikapita ukutani. Mabruki alikaa pale na mikono juu ya meza tupu. Na Mungu ni shahidi, aliniambia, kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa aibu. Aliitamani ile asali. Aliona ni yake, na kwamba hata hiyo kijana amemchukulia. Aibu ilikuja baadaye, njiani, alipokuwa akiwaza atamwambia nini Mwanne.